Ginsi ya kuonesha batoto mazuku ku nyumba, na buji (mushumaa) na ndimu

Bamama na bababa ba Goma, mi nafundishaka batoto badogo, ba miaka 4 mpaka 7, na kila mwaka haikosi mutoto mwenye ataniuliza: mwalimu, mazuku ni shetani? Ju ku nyumba bamemuambia usiende kucheza mu ile shimo kuko mazuku, na paka ivo, hakuna mwenye anaeleza. Njo nikatafuta ginsi ya kumuonesha, si kumutisha. Inaombaka dakika 20 na vitu vyote utapata Birere ao ku soko ya Virunga.

Wewe mukubwa kwanza ujue hii. Mazuku ni gasi kaboniki, ile ile yenye inafanya Fanta itoke povu. Hapa kwetu inapandaka kutoka chini ya udongo wa volkano, na ju ni nzito kuliko hewa, karibu mara moja na nusu, inashuka na kujaa mu mashimo sawa vile maji. Haina rangi. Usiku na asubuhi mapema, wakati upepo haiko, njo inajikusanya zaidi, ndio maana unasikia ku Himbi ao kule pande za Lac Vert mbuzi ao mbwa imekutwa asubuhi imekufa mu kashimo na hakuna kidonda.

Vitu: bikarbonate (iko ku alimentasyo na ku farmasi), ndimu 5 ao 6 ao vinegri, buji 2, kibiriti, bokali kubwa ao jagi yenye mudomo, na saladie (bakuli) ya vitre yenye kina. Angalisho: bengi banatuma mutoto alete levire (hamira) ya mandazi wakizani ni kitu moja. Hapana. Levire nayo inatoaka hii gasi lakini inaomba maji ya vuguvugu, sukari na kungoja nusu saa ao zaidi, na mutoto wa miaka 5 hawezi kukungojea nusu saa, atakuwa ameshaenda.

Ya kwanza. Fungua dirisha. Simamisha buji moja fupi ku meza, yeyusha nta yake kidogo chini ishikane, washa. Kibiriti unashika wewe, si mutoto.

Ya pili. Mu bokali weka vijiko 2 vikubwa vya bikarbonate, mutoto mwenyewe aweke, alafu amimine polepole gobele moja ya maji ya ndimu ao vinegri. Itachemka na povu, batapiga kelele kwa furaha, muache bafurahi. Ngojeni povu ishuke kabisa. Hapa usiharakishe, na musitingishe bokali wala kuinamisha, ju gasi iko imekaa juu ya ile maji na ukiitingisha inamwangika.

Ya tatu, na hii njo moyo wa kazi yote. Chukua bokali, inamisha polepole juu ya buji kama vile unamimina chai, LAKINI maji isitoke hata tone moja. Mutoto ataona unamimina kitu hakuna, na buji inazimika. Fanya tena mara mbili tatu ju mara ya kwanza hawaamini. Ikikataa, mara nyingi ni upepo wa dirisha ao umeinamisha mbali sana, sogea karibu na buji, ao ongeza bikarbonate.

Kwa nini nasisitiza juu ya kumimina? Ju zamani nilikuwa naweka buji ndani ya saladie na kumwaga ndimu humo humo, povu ikapanda ikazima buji, na katoto kamoja ka miaka 6 kakaniambia mbele ya bote: mwalimu, umeilowesha tu. Alikuwa na haki! Tangu ile siku naanzia ku bokali kwanza, saladie inakuja nyuma.

Ya ine, saladie. Weka buji fupi ya kama sentimita 5 ku kona moja, na ingine ku kona ya pili juu ya jiwe ya volkano, hizo mawe hatukosi hapa, ili moto wake ikuwe juu ya ingine lakini isipite mudomo wa saladie. Washa zote. Tengeneza gasi mpya mu bokali na umimine ndani, gasi tu. Kama gasi imetosha, ya chini inazimika kwanza, ya juu inaendelea kuwaka, kisha nayo ukiongeza inazimika. Sasa muulize mutoto: hii ya chini ni nani? Mu klasi yangu wanasema mbuzi, wanasema mutoto mwenye kuinama kuokota mupira. Ile ya juu ni baba amesimama. Hapo usiongeze maneno mingi.

Kuko mmoja aliniuliza kama mbabula (jiko ya makala) ndani ya chumba nayo ni mazuku. Swali nzuri. Ile ni gasi ingine, inachanganyika na hewa yote ya chumba na kupanda na joto, kwa hiyo kulala juu ya kitanda haikuokoi, mbabula inabaki inje.

Ikibaki nguvu, chukua Fanta 2, moja baridi na moja ya joto, fungua zote pamoja inje. Ya joto inatoa povu zaidi. Kabla ya kufungua huoni gasi, ju kifuniko inaifinya ndani ya maji. Ziwa Kivu nayo iko na gasi kaboniki na methane (gasi yenye inawaka moto) chini kule, kina chake inapita mita 480, na uzito wa maji ya juu njo kifuniko yake. Ku Kamerun, ziwa Nyos, mu mwaka 1986 gasi ilitoka ghafla usiku na ikaua watu karibu 1,700, lakini hiyo kwa batoto badogo siielezi, inatosha Fanta. Bakubwa kidogo naambia tu kwamba Rwanda ku Kibuye banatoa methane ya ziwa letu kufanya umeme.

Mambo ya kukataza: mutoto asiingize pua mu bokali, na kamwe musipeleke buji mu shimo ya kweli kupima mazuku. Hata wewe.

Kisha wiki moja nafanyaka mutihani. Naweka mupira mu basani kubwa chini, nasema hii ni shimo, ni asubuhi, mupira umeingia, utafanya nini? Wengi banasema nitaita papa, mmoja alisema nitatumia muti mrefu. Katoto ka ile siku ya povu kakaangalia mupira, kakauliza: ni wangu ao wa shule?