Kupoza nyumba ya bati: anza juu, ushuke chini

Saa nane mchana, jua likiwa kali, ingia kwenye chumba cha bati kisicho na dari, iwe Busia, Tororo au Jinja. Simama katikati, kisha inua kipande cha kadibodi juu ya kichwa chako. Utosi na mabega yatapata nafuu papo hapo, ingawa hewa ya chumbani ni ile ile. Kila ninapoitwa kupoza nyumba huanza na jaribio hilo, maana mwenye nyumba anajionea kwa ngozi yake mwenyewe: kinachomchoma zaidi ni bati, linamtupia joto kichwani kama sigiri, yaani jiko la mkaa, iliyogeuzwa juu chini. Kwa hiyo kazi inaanzia juu ya paa, feni baadaye.

Nimeezeka mizigo, yaani vyumba vya kupangisha, maduka na madarasa upande huu wa mashariki mwa Uganda kwa miaka mingi. Madarasa ndiyo yanayoniuma. Mtoto anayesinzia chini ya bati tupu baada ya chakula cha mchana huitwa mvivu, na mwalimu anayemwita hivyo naye analoa jasho.

Hatua ya 1: Pima kabla ya kununua chochote

Tundika kipimajoto kimoja ndani, usawa wa kichwa, mbali na ukuta. Kingine kiweke nje kivulini. Cha ndani kikipanda kuliko cha nje, hewa moto imekwama na haina pa kutokea. Vikilingana, lakini kadibodi bado inakupa nafuu, adui wako ni joto la bati. Nyumba nyingi zina shida zote mbili.

Angalia pia jua linapopita. Ikweta inakatiza Uganda, na mwezi wa Machi na Septemba jua la adhuhuri linakaa utosini kabisa. Paa ndilo linalolipokea. Kuta za mashariki na magharibi zinafuata. Za kaskazini na kusini hupata jua dogo.

Hatua ya 2: Paka paa rangi nyeupe

Ukiwa na pesa za hatua moja tu, zitumie hapa.

Wengi huniambia, "Fundi, bati langu ni jipya, linang'aa, linarudisha jua." Ni kweli, bati jipya la zinki linarudisha sehemu kubwa ya jua. Lakini joto linaloingia halitoki upesi, maana chuma kinachong'aa hutoa joto kwa ubahili. Rangi nyeupe inafanya kazi zote mbili: inalirudisha jua, na joto dogo linaloingia inaliachia litoke. Bati jekundu lililokolea au la bluu nzito, ambalo ndilo linalopendwa siku hizi, hunywa jua mchana kutwa. Kama bado hujanunua, chagua rangi nyepesi kutoka dukani, utakuwa umeokoa gharama ya kupaka. Usidanganywe pia kwamba geji nene, yaani bati nene, inapoza. Geji 28 ni nene na imara kuliko 32, inunue kwa uimara wake, lakini joto linapenya zote mbili mara moja.

Namna ya kupaka:

Osha paa kwa sabuni na brashi, mafuta ya kiwandani na vumbi vitoke, kisha suuza. Penye kutu sugua kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane. Kaza au badilisha misumari iliyolegea na ziba matundu sasa, kabla ya rangi. Paka praima, yaani rangi ya kwanza ya kushikisha, iliyoandikwa kwamba ni ya mabati ya zinki, halafu mikono miwili, yaani mara mbili, ya rangi nyeupe ya maji, akriliki ya nje. Rangi ya mafuta usiipake moja kwa moja juu ya zinki: mafuta yake na zinki hutengeneza utando kama wa sabuni, na rangi inabanduka kama magamba ya samaki. Nimeitwa mara nyingi kukwangua kazi za namna hiyo.

Chokaa je? Ni rahisi, lakini mvua zetu zinaiosha upesi. Tena kama mabati yako yana mchanganyiko wa alumini na zinki, chokaa mbichi inayala. Mimi siipaki juu ya bati.

Hesabu yake ni hii. Paa la mita 8 kwa 10 ni mita za mraba 80. Mikunjo ya bati inaongeza, basi hesabu 90. Mikono miwili ni 180. Lita moja hufunika karibu mita 9, kwa hiyo ndoo ya lita 20 inatosha.

Fanya kazi Desemba hadi Februari, au Juni na Julai, mvua inapopungua. Anza asubuhi umande ukishakauka, uache bati linapoanza kuchoma mkono, kwa sababu rangi itakauka kabla haijashika. Kanyaga kwenye mistari ya misumari, maana hapo ndipo palipo na mbao chini. Bati lenye unyevu usilipande. Na kama mnakinga maji ya mvua, tenganisha mfereji na tangi kabla ya kuosha, usiurudishe mpaka mvua za kwanza zimesuuza rangi mpya.

Sehemu ya chini ya bati usiipake kitu. Ule mng'ao wa ndani unasaidia, unapunguza joto linalotupwa chini. Moshi wa sigiri ukiupaka masizi, faida hiyo inapotea, hivyo jiko likae nje au kwenye kibanda chake.

Hatua ya 3: Toboa njia ya hewa moto

Hewa moto inapanda na kukaa chini ya kofia ya paa. Acha matundu kwenye kuta mbili za pembetatu, moja kila mwisho wa nyumba, juu kadiri iwezekanavyo. Kwa nyumba ya mita za mraba 80, kila tundu liwe angalau sentimita 50 kwa 50. Weka wavu wa mbu, na nje yake wavu wa chuma wa kuzuia popo, maana wakishaingia darini ni vita. Wavu unapunguza hewa, basi ongeza tundu kidogo. Madirisha nayo yatazamane pande mbili za chumba. Karibu na Ziwa Viktoria upepo wa mchana unatoka ziwani, kwa hiyo dirisha kubwa la kuingizia lielekee huko.

Hatua ya 4: Dari

Dari inafanya kazi ya ile kadibodi. Mbao nyembamba, silingi bodi, hata mikeka ya mafunjo tunayoiita biwempe, vyote vinakata joto la bati, na kelele za mvua zinapungua. Biwempe ni nafuu sana, ila vinashika moto haraka. Pasipo umeme, panapowashwa mishumaa na tadooba, vile vibatari vya mafuta ya taa, siviweki.

Mwenye uwezo aongeze karatasi ya alumini chini ya mbao za paa. Upande unaong'aa utazame chini, ili vumbi lisiufunike, na mbele yake pawe na nafasi tupu ya sentimita 2.5 au zaidi. Nyumba ya kwanza niliyoweka karatasi hiyo niliibana kati ya bati na dari bila nafasi yoyote. Pesa za mteja zilipotea, kwani alumini inayogusa vitu pande zote inapitisha joto tu. Nilirudi nikaiweka upya kwa gharama yangu. Alumini inapitisha umeme pia, kwa hiyo zima meni swichi kabla ya kupanda darini, na usiipigilie karibu na nyaya.

Juu ya dari usishindilie nguo kuukuu wala pamba. Usiku bati linapoa kuliko hewa, na alfajiri linatoa jasho. Vitu hivyo vinanyonya matone, vinaota ukungu.

Hatua ya 5: Ukuta wa magharibi

Ongeza upenu au veranda upande huo. Migomba nayo inatosha, ilimradi isizibe njia ya upepo.

Kumwagia bati maji kila mchana ni kuharibu maji na kuita kutu. Shuka lililoloa maji likitundikwa chumbani nalo linaongeza unyevu kwenye hewa ambayo tayari imejaa unyevu, na jasho halikauki. Feni ni nzuri, kwa sababu inakausha jasho la mtu. Iwashe akiwapo mtu, uizime akitoka.

Kila mwaka, Agosti, kabla ya mvua za Septemba, panda uoshe paa. Vumbi jekundu na kuvu vinaifanya nyeupe kuwa kahawia. Piga brashi nyavu za matundu pia, kisha rudi chumbani saa nane mchana na kadibodi yako.