Jinsi ya Kuendesha Ubishi Kuhusu Bendi ya Yes Kijiweni Tabora

Ubishi kuhusu bendi iliyodumu zaidi ya miaka 50 huharibika mapema kwa sababu kila mbishi ana bendi yake kichwani, ingawa wote wanataja jina moja. Hali hiyo inaonekana wazi kwa Yes, bendi ya roki iliyoanzishwa London mwaka 1968 na mwimbaji Jon Anderson pamoja na mpiga besi Chris Squire, ambayo tangu hapo imebadilisha wapiga kinanda, wapiga gita, wapiga ngoma na hata waimbaji mara nyingi kiasi kwamba leo hii hakuna hata mmoja wa waasisi wake aliyebaki ndani yake. Mwongozo huu ni kwa wapenzi wachache wa roki ya progresivu walioko Tabora, wale wa nyimbo ndefu zenye vipande vingi na mapigo yanayogeuka njiani, ambao hukutana barazani Kanyenye au Isevya baada ya swala ya alasiri wakiwa na sabufa moja, flashi yenye nyimbo na chupa ya kahawa, na ambao wangependa kuondoka hapo wakiwa wamebishana jambo moja hadi mwisho wake.

Mtu wa Tabora asijione mgeni katika ubishi wa aina hii. Mji uliokuwa na Kiko Kids, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz una wazee wanaojua vizuri maana ya mwanamuziki kuhama bendi na mashabiki kugawanyika kwa sababu yake. Mwishoni mwa miaka ya 1970, mwimbaji Muhidin Gurumo alipotoka bendi ya Juwata Jazz na kwenda Mlimani Park, swali lilikuwa lile lile: je, ladha imehama naye au imebaki na jina? Juwata yenyewe ilikuwa NUTA Jazz kabla ya hapo, ikaja kuwa OTTU na hatimaye Msondo Ngoma, wala mashabiki wake hawakuacha kuihesabu kuwa bendi moja. Kwa hiyo, kama kijiweni yupo mzee aliyezishuhudia hizo enzi, apewe nafasi ya kusema kwanza, hata kama hajawahi kuisikia Yes, kwa sababu kipimo atakachokitumia kwa Msondo ndicho mtakachokihitaji baadaye.

Hatua ya kwanza, kabla sabufa haijawashwa, ni kukubaliana mnajadili Yes ya miaka gani. Ipo Yes ya 1971 hadi 1977, yenye gita la Steve Howe na, kwa sehemu kubwa ya kipindi hicho, vinanda vya Rick Wakeman. Ipo ya 1983 na kuendelea, yenye Trevor Rabin, mpiga gita mzaliwa wa Johannesburg, ambayo ndiyo iliyopata wimbo pekee wa bendi hiyo kufika nafasi ya kwanza Marekani, “Owner of a Lonely Heart”, mwanzoni mwa 1984. Na ipo ya sasa. Anayesema “Yes ni bendi bora” na anayesema “Yes waliuza roho zao kwa redio” wanaweza wote kuwa sahihi, maana mmoja anazungumzia 1972 na mwenzake 1983. Mwenye kutoa hoja aanze kwa kutaja albamu, na asiyeweza kuitaja asubiri zamu nyingine.

Hatua ya pili ndiyo inayotaka muda: kusikiliza pamoja, wimbo mzima, bila mtu kuongea. Ninapendekeza kuanza na “Close to the Edge” wa mwaka 1972, wimbo wa dakika zaidi ya 18 ambao ulijaza upande mzima wa santuri, kwa kuwa ndani yake sifa na kasoro zote za bendi zinasikika. Unaanza na sauti za ndege na maji yanayotiririka, zikipanda polepole kama kilomita za mwisho za barabara kabla ya mji; kisha bendi inaingia kwa kishindo, gita la Howe likikimbia upande wake na besi ya Squire upande wake, hadi msikilizaji mgeni adhani kila mmoja anapiga wimbo tofauti. Hapo ndipo wengi hukata tamaa na kusema ni kelele. Mwambieni mgeni wenu aache kufuata gita na afuate besi peke yake. Squire hakuwa akipiga kwa vidole bali kwa kipande kigumu cha plastiki, sauti yake ni kali na inang'aa, na ukishaishika hiyo besi utagundua kwamba ndiyo inayobeba wimbo wakati wenzake wanarukaruka juu yake.

Katikati ya wimbo mambo yote hutulia, sauti za kuimba zinapishana taratibu, na ghafla kinasikika kinanda kikubwa cha kanisa, kilichorekodiwa katika kanisa la St Giles huko London. Shabiki wa dansi atakielewa kipande hiki haraka kuliko shabiki wa muziki wa dakika tatu, kwa kuwa amezoea wimbo unaoanza kwa kutulia, ukasimulia kisa chake, kisha ukaingia kwenye chemko, yaani sehemu ya kasi ya kuchezea. Tofauti ni kwamba katika dansi chemko huwa ni ahadi kwa wachezaji, na kwa Yes hakuna anayetarajiwa kucheza. Hilo lijadiliwe kwa kirefu. Mimi naona ni upungufu halisi wa muziki huu na wapenzi wake hawapaswi kuukwepa, ingawa wapo watakaojibu kwamba muziki wa kukaa na kusikiliza una haki yake pia.

Baada ya hapo mtafika kwenye “Tales from Topographic Oceans” ya 1973, na hapa mwenyekiti wa kijiwe awe imara. Ni santuri mbili zenye nyimbo nne tu, kila wimbo ukichukua upande mmoja, jumla zaidi ya dakika 80. Wakeman mwenyewe hakuipenda. Amesimulia jinsi alivyokula mchuzi wa kari jukwaani wakati bendi ikiipiga, na mwaka uliofuata alijitoa. Kisa hicho kinachekesha, lakini kisihesabiwe kuwa hoja, kwa sababu kinaeleza uchovu wa mtu mmoja na hakielezi muziki. Kanuni iwe hii: hakuna kuilaani wala kuitetea albamu hiyo kwa asiyesikiliza pande zote nne. Kwa kuwa jioni moja haitoshi, na umeme unaweza kukatika katikati, kila mtu apewe nakala kwenye flashi akasikilize nyumbani. Kwa maoni yangu, upande wa kwanza na wa nne zinastahili heshima kubwa, na wa pili na wa tatu zingeweza kufupishwa nusu bila mtu kulalamika.

Kipindi cha 1980 hadi 1983 kina utata mtamu kuliko vyote. Anderson na Wakeman walipoondoka, nafasi zao zilichukuliwa na Trevor Horn na Geoff Downes wa kundi la Buggles, na albamu yao “Drama” ilipokelewa kwa mashaka na mashabiki wengi waliokuwa wakimdai Anderson. Chezeni wimbo wake wa kwanza, “Machine Messiah”, bila kumwambia yeyote ni nani anayeimba, kisha ulizeni kama kuna aliyehisi pengo. Baadaye waelezeni kwamba Horn huyo huyo ndiye aliyekuja kuitayarisha albamu ya “90125” mwaka 1983, na kwamba kundi lililoanza kuirekodi lilikusudiwa kuitwa Cinema, hadi Anderson alipoingia kuimba na jina la Yes likarudi. Mbishi anayeshikilia kwamba jina ni la mwimbaji atapata nguvu hapa. Anayeshikilia kwamba jina ni la Squire, ambaye hakukosekana katika albamu yoyote ya studio hadi kifo chake, atakuwa na jibu lake pia. Kwa “Union” ya 1991, iliyounganisha makundi mawili yaliyokuwa yakigombania urithi mmoja, dakika kumi zinatosha.

Wakati wote huo zuieni maneno matupu. Anayesema wimbo “unachosha” aonyeshe ni dakika ya ngapi ulipomchosha, urudishwe hapo na wote wasikilize tena. Mara nyingi, aliyekuwa akipiga kelele hupunguza madai yake mwenyewe. Kijana akimpinga mzee ampinge kwa kuanza na “mzee wangu, naomba nitofautiane nawe”, na mzee naye asifunge mjadala kwa umri wake.

Swali la bendi ya leo liwekwe mwisho, kwa sababu likitangulia litameza mengine yote. Squire alifariki mwaka 2015, na mpiga ngoma Alan White akafuata mwaka 2022. Albamu ya “Mirror to the Sky” ya 2023 imeongozwa na Howe, pamoja na Downes wa 1980, mwimbaji Jon Davison na Billy Sherwood, ambaye Squire mwenyewe alimchagua amshikie nafasi alipougua. Sikilizeni wimbo mmoja kutoka humo, kisha mgeukieni tena yule mzee wa Msondo na mumwombe atumie kipimo kile kile alichokitoa mwanzoni. Kama atakibadilisha kwa kuwa safari hii wanaopimwa ni Wazungu, wa kwanza kumsahihisha awe kijana aliyekaa karibu naye.