Anza na Daftari la Madeni

Ukitaka kuiishi imani yako nje ya kanisa pia, anza hapa: Jumamosi jioni, kabla ya kupiga pasi nguo za kanisani, chukua daftari ukae peke yako nusu saa. Andika kila anayekudai: mwenye duka pale Kisumu Ndogo, dada wa kazi ambaye mshahara wake umepita tarehe, kijana wa bodaboda uliyemwambia "nitakutumia jioni". Kando ya kila jina weka kiasi na siku ya kulipa.

Tanguliza mshahara. Walawi 19:13 inakataza ujira wa kibarua kulala kwako hadi asubuhi, na dada wa kazi huona haya kukukumbusha mara mbili. Madeni mengine yagawe. Ukidaiwa Sh 2,400 na mkono haufiki, mwambie mwenye duka utaleta 600 kila Jumamosi kwa wiki 4. Wengi hukwama hapa: kwa aibu hutaja 1,200, na wiki ya pili wanapita uchochoro wa nyuma wasionekane.

Unauza samaki au mchele? Pima pakiti ya unga ya kilo 2 isiyofunguliwa. Mizani ikisoma zaidi ya hapo, wanunuzi wanapunjwa, hata kama hukukusudia. Uliyempunja ukijua, mrudishie. Zakayo aliahidi kurudisha mara nne.

Kupatana ndiko kugumu zaidi. Mathayo 5:23-24 inakutaka uiache sadaka madhabahuni, umwendee ndugu yako kwanza. Nenda mwenyewe, usitume ujumbe, na ulitaje kosa lilivyo: "Mama Kadzo, niliwaambia wenzetu wa chama kwamba ulikula pesa. Nilisema uongo." Usiseme "kama nilikukosea", maana unamtwisha aliyeumia kazi ya kuthibitisha. Kisha warudie wanachama wale wale uwaambie ukweli, hatua ambayo karibu kila mtu huiruka. Asipokusamehe siku hiyo, usimsomee aya. Na usiligeuze kuwa ushuhuda wa Jumapili. Aibu ile ni yake pia.

Sadaka ya siri isipite kwenye simu, kwa kuwa ujumbe wa M-Pesa humwonyesha mpokeaji jina lako. Lipa deni la mhitaji dukani kwa pesa taslimu, umwombe mwenye duka akusitiri.

Maombi ya faragha hayana maelezo mengi. Malindi adhana ya alfajiri huamsha mtaa mzima: amka nayo, funga mlango, omba dakika 15 kabla ya kushika simu, na lile daftari likiwa wazi mbele yako.