Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kutengeneza Mashua ya Mbao Iliyogonga Mwamba Mtoni

Mashua ya mbao ya kushukia mto, yenye kitako bapa kilichonyanyuka omo (mbele) na tezi (nyuma) kama zile zilizopata umbo lake kwenye Mto McKenzie, Oregon, nchini Marekani, haina mkuku (uti wa chini wa chombo) wa kupokea kishindo cha jiwe. Kishindo hicho hupokewa na plaiwudi ya kitako, ambayo mara nyingi ina unene wa milimita 9 hadi 12, au na plaiwudi ya ubavuni yenye unene wa milimita 6 hivi, kisha hupita kwenye mataruma (mbavu za mashua) hadi kufika kwenye kingo za juu zinazobeba makasia. Ndiyo maana tundu linaloonekana huwa ni sehemu tu ya madhara. Maandalizi yanayoelezwa hapa yanakusudia kujua mashua imeumia wapi na wapi, na kuhakikisha kuwa mbao iko tayari kupokea gundi, kabla msumeno haujagusa chochote.

Kwanza ni kukumbuka kilichofanyika kule kule mtoni. Ili kuifikisha mashua mwisho wa safari, watu huziba tundu kwa utepe mpana wa kunata, kwa kipande cha bati na skrubu, au kwa silikoni iliyopakwa kwa wingi, wala hawastahili lawama, kwani katikati ya bonde hakuna karakana. Hata hivyo, kwa matengenezo ya kudumu silikoni ni adui mkubwa kuliko tundu lenyewe. Huacha utando usioonekana ambao epoksi, gundi ya kuchanganywa inayotumika katika matengenezo haya, haiushiki, na ukipiga msasa juu yake unausambaza na kuusukuma ndani ya nyuzi za mbao. Inafaa ikwanguliwe yote kwa kisu, na mahali ilipozama pakatwe baadaye pamoja na mbao iliyovunjika. Mabaki ya gundi ya utepe hutoka kwa asetoni na kitambaa safi kinachobadilishwa mara kwa mara. Anayepanga vifaa vya dharura vya safari ijayo afadhali abebe utepe na bati, na silikoni aiache nyumbani.

Baada ya hapo mashua ioshwe kwa maji safi, kwa maana tope na mchanga laini wa mto huingia kati ya tabaka za plaiwudi zilizochanika na kubaki humo. Kisha iachwe ikauke, na hapa ndipo subira ya wengi huishia. Epoksi hutaka mbao yenye unyevu usiozidi takriban asilimia 12, na plaiwudi iliyolowa hadi ndani haifikii kiwango hicho kwa siku moja au mbili. Mashua ilazwe kifudifudi kivulini, mahali penye upepo, ikiwa imeinuliwa kutoka ardhini. Jua kali hukausha uso upesi na kuupasua wakati kiini bado kina maji. Kipima unyevu chenye pini mbili hutoa jibu la haraka, ingawa gundi iliyomo ndani ya plaiwudi inaweza kukipotosha, hivyo ni vyema kulinganisha usomaji wa mahali palipovunjika na wa mahali pazima pasipofikiwa na maji. Asiye nacho abandike kipande cha nailoni angavu juu ya mbao, akizibe kwa utepe pande zote na kukiacha usiku kucha. Matone yakionekana upande wa ndani asubuhi, mbao bado haijawa tayari. Plaiwudi iliyopakwa rangi pande zote mbili hukauka polepole mno, na huenda ikabidi kukwangua rangi ya upande mmoja kuzunguka tundu ili unyevu upate pa kutokea.

Wakati mashua inakauka, ichunguzwe yote. Gonga plaiwudi kwa mpini wa bisibisi, ukianzia mbali na kusogea kidogo kidogo kuelekea tundu: mbao nzima hutoa mlio mkavu na mkali, na ile ambayo tabaka zake zimeachana hutoa mlio mzito kama wa kadibodi iliyolowa. Pale mlio unapobadilika, weka alama ya penseli, na alama hizo ukiziunganisha utapata mpaka halisi wa kukata, ambao kwa kawaida ni mpana kuliko ulivyodhani. Kisha fuata njia ya kishindo. Angalia mshono ambako ubavu unakutana na kitako, skrubu za mataruma yaliyo jirani, na upande wa nyuma wa kila taruma, ambako ufa hupenda kujificha. Kasia likigonga mwamba nguvu yake huishia kwenye kishikizo chake, kwa hiyo kagua matundu ya boliti na ukingo wa juu pande zote mbili, hata kama jiwe lilipiga upande mmoja tu. Ukingo uliopinda kisha ukarudi mahali pake huweza kuonekana mzima huku una ufa mwembamba unaofuata nyuzi, ambao hufunguka ukiusukuma kwa kidole gumba.

Umbo la mashua nalo lipimwe kabla ya kufungua skrubu hata moja. Uzi uliovutwa kutoka katikati ya omo hadi katikati ya tezi, pamoja na vipimo vya mshazari vya kulia na kushoto, utaonyesha kama mashua imejipinda. Vitegemeo viwekwe chini ya mataruma, si chini ya plaiwudi tupu, navyo vifuate mkunjo wa kitako. Mashua iliyowekwa juu ya sakafu bapa hunyooka kwa uzito wake, na kiraka kikikaukia katika hali hiyo mkunjo uliopotea haurudi. Kwa kuwa pande mbili za mashua zinalingana, ule mzima unaweza kutoa kielelezo: chora mkunjo wake kwenye kadibodi, ugeuze, na utakuwa na umbo la upande ulioharibika.

Uamuzi wa kuweka kiraka au kubadilisha ubao wote hutegemea zaidi mahali pa jeraha kuliko ukubwa wake. Kwa maoni yangu, tundu lililo kati ya mataruma mawili linahitaji kiraka tu, lakini jeraha lililovuka mshono wa kitako na kuvunja mataruma kadhaa lina haki ya ubao mpya. Hata hali hiyo si hukumu ya kifo. Mashua iitwayo Emerald Mile iliwahi kuvunjika vibaya, ikajengwa upya na Kenton Grua, mwongoza safari za mtoni, na mwaka 1983 yeye na wenzake wawili wakaishusha katika Grand Canyon, bonde la Mto Colorado nchini Marekani, mwendo wa kilomita zipatazo 446, kwa saa 36 na dakika 38.

Kwa kiraka cha kuungwa kwa mshazari, yaani kingo za kiraka na za tundu zikirandwa kwa mteremko ili zilaliane, andaa plaiwudi ya baharini yenye unene uleule, na nyuzi za tabaka la juu zielekee kule zinakoelekea za ubao wa zamani. Mshazari wa 8 kwa 1 unatosha, maana yake plaiwudi ya milimita 6 hurandwa kwa upana wa milimita 48 kuzunguka tundu lote, kwa hiyo pima kama nafasi hiyo ipo kabla hujafika kwenye taruma. Pembe za kiraka ziwe za mviringo, kwa sababu pembe kali huanzisha ufa mpya. Kiraka cha kupachikwa kwa ndani ni rahisi zaidi, ila hukusanya maji na tope kandokando yake, na kitakoni nisingekishauri. Skrubu ziwe za shaba nyeusi (bronzi) au chuma kisichoshika kutu. Skrubu za rangi nyeusi za bodi za jasi huliwa na kutu na kukatika.

Kuhusu epoksi, soma kwanza kiwango cha joto kinachotakiwa na hadina (kigumishi cha epoksi) uliyo nayo, kwani nyingi hukauka vibaya chini ya nyuzi 10 za Selsiasi. Changanya kiasi kidogo kidogo, kwa maana kikombe kilichojaa hupata joto hadi kutoa moshi. Glavu na barakoa viwepo kabla ya kopo kufunguliwa. Kama ndani ya mashua pamepakwa mafuta ya kitani, epoksi haitashika hapo hadi yaondolewe, na matambara yaliyotumika kwa mafuta hayo yatandazwe nje yakauke, kwa sababu yakirundikwa huweza kuwaka moto yenyewe.

Mwisho, panga tarehe ya kurudi mtoni kwa kufuata gundi. Epoksi iliyo ngumu asubuhi ya pili mara nyingi huhitaji takriban wiki nzima ili ifikie nguvu zake zote, na uteute unaojitokeza juu yake huoshwa kwa maji kabla ya msasa na rangi. Mashua ielee kwanza katika maji yaliyotulia ikiwa na mtu na mizigo, kisha itolewe, na kila skrubu iliyoguswa ikazwe tena.