Namna ya kusafiri barabara ya Kilwa bila kuipita historia yake

Wasafiri wengi wanaotoka Dar es Salaam kwenda kutazama magofu ya Kilwa Kisiwani huendesha takriban kilomita 300 bila kushuka garini isipokuwa kununua maji na korosho, ilhali kadiri mtu anavyoelekea kusini ndivyo historia inavyorudi nyuma, kutoka daraja la mwaka 2003 hadi jumba la kifalme la karne ya 14. Mwenye gari lake na asubuhi moja ya ziada anaweza kuifuata historia hiyo kituo kwa kituo.

Ondoka kabla ya alfajiri, kwa sababu foleni ya Mbagala ikishakukamata, ratiba yote imeharibika. Baada ya hapo punguza mwendo kila unapoingia kijijini, maana tochi za askari wa usalama barabarani hazina msamaha. Kibiti jaza mafuta. Wakati wa masika ulizia kwanza hali ya barabara: Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya ziliikata njia hii eneo la Somanga.

Baada ya Ikwiriri utafika Daraja la Mkapa, lenye urefu wa mita 970, ambalo kabla ya kujengwa kwake watu walivuka Rufiji kwa kivuko cha Ndundu. Usisimame juu ya daraja. Egesha mbele, utazame mto ulivyo mpana, ndipo utaelewa jinsi manowari ya Kijerumani Königsberg ilivyoweza kujificha kwa miezi katika delta yake, hadi ilipozamishwa Julai 1915.

Kituo kinachopuuzwa kuliko vyote, na mimi ningekitanguliza kuliko hata magofu, ni Muhoro, upande wa kusini wa mto. Hapo ndipo Wajerumani walipomnyonga Kinjekitile Ngwale, mganga wa Ngarambe aliyewagawia watu maji ya dawa, tarehe 4 Agosti 1905, siku chache tu baada ya watu wa Nandete, katika milima ya Matumbi, kung'oa pamba waliyolazimishwa kuilima, tendo lililoanzisha Vita vya Maji Maji. Usitegemee kibao kikuelekeze. Nenda ofisi ya kijiji, jitambulishe, amkia wazee kwa shikamoo kabla ya kutaja shida yako, kisha omba mtu wa kukuonyesha. Na ukiambiwa ukae kwanza, kaa, kwa kuwa mazungumzo ya barazani ndiyo yenye habari.

Nangurukuru unaiacha barabara ya Lindi na kushika kushoto kuelekea Kilwa Masoko. Kabla ya kufika, chepuka kwenda Kilwa Kivinje, mji ambao katika karne ya 19 ulipokea misafara ya pembe za ndovu na watumwa kutoka pande za Ziwa Nyasa. Boma la Wajerumani bado lipo ufukweni, lakini mimi huvutiwa zaidi na kuta za nyumba za kawaida: palipobanduka chokaa unaona mawe ya matumbawe yenye vitundu kama vya sega la nyuki, na juu yake ncha za boriti za mikoko zilizobeba dari. Tazama kwa macho, usibandue kitu, na usipige picha ndani ya uwanja wa mtu bila ruhusa.

Kilwa Masoko ni mahali pa kulala na kuchukua kibali, kwani huruhusiwi kuvuka kwenda Kisiwani bila hicho. Ukifika alasiri, usiwahimize mabaharia. Vuka asubuhi, kabla upepo haujapanda, ukiwa na viatu vinavyoweza kulowa. Kule anza na Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye Ibn Battuta, msafiri kutoka Morocco, alimkuta akitawala mwaka 1331, kisha urudi kwa miguu hadi Msikiti Mkuu kabla jua halijawa kali.