Namna ya kutumia dawa ya kuzuia pumu kila siku

Mgonjwa wa pumu wa Dar es Salaam kwa kawaida huijua vizuri dawa moja tu, nayo ni salbutamoli, ile inhela ambayo mara nyingi huwa ya bluu na hutolewa mkobani kifua kinapobana ndani ya daladala. Dawa hiyo hulegeza misuli ya njia za hewa ndani ya dakika chache, lakini haiuondoi uvimbe uliomo ndani yake. Kazi hiyo ni ya steroidi ya kuvuta, kama vile beklometasoni au budesonidi, ambayo hutumiwa kila siku, hata siku ambazo mtu hana dalili yoyote.

Hapo ndipo wengi hukwama, kwa sababu matokeo yake huonekana baada ya siku kadhaa au wiki, na aliyezoea nafuu ya papo hapo hudhani ameuziwa hewa. Wengine huogopa neno steroidi, ingawa dozi ya kuvuta hupimwa kwa maikrogramu, yaani sehemu za elfu za miligramu, ilhali vidonge vya steroidi vya prednisoloni hupimwa kwa miligramu.

Kabla ya kuilaumu dawa, kagua uvutaji wako. Tikisa inhela, toa pumzi yote, fumba midomo vizuri kwenye mdomo wa kifaa, kisha bonyeza mara moja huku ukianza kuvuta taratibu na kwa kina. Zuia pumzi kwa sekunde 10, na usubiri kama nusu dakika kabla ya kubonyeza tena. Ukimaliza, sukutua kwa maji na uyateme, kwani mabaki ya dawa huweza kusababisha utando mweupe wa fangasi kinywani. Inhela za unga hutumiwa tofauti: hazitikiswi, na huvutwa kwa nguvu.

Mtoto hawezi kupatanisha kubonyeza na kuvuta, hivyo anahitaji chombo cha kati (spacer), kinachoshikilia dawa kati ya inhela na mdomo. Kikikosekana dukani, chupa ya plastiki ya maji ya mililita 500 inatosha: toboa kitakoni tundu linalolingana na mdomo wa inhela, ziba mianya kwa gundi au utepe, naye mtoto avute kupitia shingo ya chupa, pumzi 5 au 6 kwa kila mbonyezo. Utafiti wa Cape Town uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba chupa iliyozibwa vizuri hufanya kazi sawa na chombo cha kununua. Ioshe kwa maji ya sabuni na uiache ikauke yenyewe bila kuifuta.

Inhela nyingi zisizo na kihesabu hudanganya, kwa kuwa huendelea kutoa mvuke hata dawa ikiisha. Piga hesabu: yenye mibonyezo 200, kwa mibonyezo 2 asubuhi na 2 jioni, hudumu siku 50. Ukiianza Machi 1, itaisha Aprili 19, katikati ya masika. Andika tarehe hiyo kwa kalamu ya wino mzito, na inhela usiiache kamwe ndani ya gari lililoegeshwa juani.

Ukihitaji salbutamoli zaidi ya mara 2 kwa wiki, rudi kliniki. Ikiwa haikusaidii kabisa, au huwezi kumaliza sentensi bila kuhema, nenda hospitali mara moja. Kupunguza dozi ya kuzuia ni uamuzi wa daktari, ambaye kwa kawaida husubiri hali itulie kwa takriban miezi 3.