Pima seli kwa rula kabla hujalipia paneli

Jirani yangu hapa Mbagala alinunua Kariakoo paneli ya sola iliyobandikwa "150W". Dukani walimpimia kwa mita, ikasoma volti 21, akaondoka ameridhika. Usiku betri ikamzimikia mapema, siku baada ya siku. Nilipoikagua nikakuta kila seli (vile vigae vya rangi nzito vinavyopokea jua) ni kipande cha sentimita 15.6 kwa 5.2, badala ya seli nzima ya 15.6 kwa 15.6. Iliniuma, maana ile ilikuwa pesa yake ya upatu.

Kinachowaponza watu ni volti. Seli ya silikoni, iwe kubwa au kipande chembamba, ikiwa kazini hutoa kama nusu volti tu. Ukubwa wake unaongeza amp, yaani wingi wa umeme unaopita, na wati ni volti mara amp. Ndiyo maana paneli ya wati 20 na ya wati 150, zote zikiwa na seli 36 zilizoungwa mfululizo (chanya ya moja kwa hasi ya inayofuata), husoma karibu volti 21 zikiwa hazijaunganishwa na kitu.

Kwa hiyo fanya hivi:

1. Pima seli moja kwa sentimita, ukingo hadi ukingo. Fremu na nafasi nyeupe usizihesabu. Ile mistari ya fedha inayopita juu ya seli si mpaka. Wengi hukosea hapo.

2. Zidisha urefu kwa upana, kisha zidisha kwa idadi ya seli.

3. Zidisha jibu kwa 0.02, upate wati. Viwandani paneli hupimwa kwa mwanga wa wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, yaani 0.1 kwa kila sentimita ya mraba, na seli nzuri hugeuza kama asilimia 20 ya mwanga huo kuwa umeme. Ya jirani: 15.6 × 5.2 × 36 ni kama 2,920. Mara 0.02, wati 58! Seli nzima za 15.6 kwa 15.6 zingefika kama 175, na hata za zamani zisizo na nguvu sana zingetoa 150.

4. Muuzaji akikubali, itoeni juani saa sita mchana, mpime amp kwa mita iliyowekwa kwenye amp 10 za DC. Seli nzima hukaribia amp 9. Vile vipande, kama 3.

Maswali ya wanachama wa kikundi chetu

*Fundi, yangu ina seli 144 nusunusu. Nimepigwa?*
Hapana, dada. Zimekatwa kiwandani makusudi ili amp zipungue na umeme usipotee sana kwenye nyaya za ndani. Hesabu zote 144, kanuni ni ileile.

*Naweza kuunga mfululizo ya seli ndogo na ya seli kubwa?*
Usifanye hivyo kaka. Ile ndogo itaibana kubwa, amp zitashuka zifuate za ndogo. Kama volti zinalingana, ziunge sambamba: chanya kwa chanya, hasi kwa hasi.

*Nimepima seli, ziko sawa, lakini mchana wati hazifiki za kwenye lebo.*
Ni joto. Lebo huandikwa kwa seli ya nyuzi 25. Juu ya bati la Dar seli hufika 60, na kila nyuzi inayozidi hula karibu asilimia 0.4. Hapo umepoteza kama asilimia 14. Inyanyue paneli kidogo juu ya bati, upepo upite chini.